Mlingoti Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya gati. Limechapwa vizuri, na mhuri juu. Mashua yoyote iliyokaa bila mlingoti zaidi ya miezi tisa itatolewa majini na kupelekwa uwanja wa nyuma. Mkaguzi atapita Jumamosi, saa nne asubuhi. Hakuna jina la mtu lililotajwa. Hakukuwa na haja. Gati zima mashua isiyo na mlingoti ni moja. Yetu.

Uwanja wa nyuma naujua. Majani hufika kiunoni. Mashua ikishaingia huko haitoki. Kuku hutagia ndani yake.

Nafasi yetu ni namba kumi na saba, mwisho kabisa, maji ya ziwa pande tatu. Marehemu mke wangu aliipenda kuliko sebule yake. Alikuwa akikaa pale na kikombe cha chai, miguu ikining'inia, saa nzima bila neno. Mwaka jana aliushusha mlingoti ili aupake rangi. Akaupaka mara ya kwanza. Mara ya pili hakujaliwa.

Daktari wa Meno, mwenye nafasi namba kumi na sita, alikuwa nyuma yangu akisoma tangazo lilelile. Anaitamani kumi na saba tangu siku aliyoingia gatini. Akaniuliza nitaweza kweli, au aniitie mtu. Hakungoja jibu. Hangoji kamwe. Amezoea kuuliza watu waliopanua midomo.

Nikaujibu mgongo wake kwamba nyaya za mlingoti huu nimezifunga mwenyewe miaka kumi na moja, na nitazifunga tena.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji: sijawahi kufunga hata moja. Alifunga mke wangu. Mimi nilikuwa nashika spana, tena si ile iliyotakiwa. Ila mwaka wa kwanza nilimwambia mtu fulani hapa kwamba nimefunga mimi, na mke wangu alikuwa pembeni, akacheka, akasema ndiyo, mume wangu ni hodari. Baada ya hapo ningerudije nyuma?

Kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji. Miaka thelathini na miwili. Kutazama, kuandika, kuondoka. Kugusa ilikuwa marufuku.

Mpango: kujifunza kazi yote kwa siku tano. Kwa siri. Asijue mtu!

Jumanne, tarehe 10 Juni

Fundi wa nyaya ana karakana yake mwisho wa barabara ya gati, kati ya duka la betri na kinyozi. Mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Ukutani nyaya zimetundikwa kwa urefu, kama suruali dukani. Redio inaongea peke yake. Kila kifaa kina mahali pake mezani, kimechorewa mpaka kwa chaki, na ukikiinua ile chaki inabaki ikikudai.

Niliingia na mpango safi. Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyo ana mashua, hajui kitu, na anaona haya kuuliza. Mimi najua kila kitu, ila ningependa kusikia fundi anavyoeleza, nilinganishe na ninavyoeleza mimi, nisije nikampotosha.

Akaniuliza mashua ya huyo rafiki ina nyaya ngapi. Sita. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mbili kila upande. Akauliza urefu wa mashua. Mita sita na nusu. Rangi? Bluu. Akasema rafiki yangu ana mashua nzuri sana.

Kisha akasema nimwambie huyo rafiki achukue kitambaa cha pamba akipitishe kwenye kila waya, taratibu, juu mpaka chini. Kikiteleza, salama. Kikinasa, kuna uzi umekatika, na waya huo hautundikwi tena. Na asitumie mkono mtupu, baba. Mwambie hivyo hasa.

Nikatoka nikijipongeza. Hakushuku kitu!

Alasiri nikafungua stoo. Nyaya zimeviringwa, kila mmoja umefungwa kitambaa chenye mwandiko wake. KULIA JUU. KUSHOTO CHINI. NYUMA. Herufi kubwa, kama za kumwandikia mtoto. Au mume.

Vikazio vilikuwa kwenye boksi la viatu. Hivi ni vyuma vya kuzungusha. Kimoja hukaa chini ya kila waya na kuukaza. Vilikuwa na kutu ya juujuu na madoadoa mekundu. Nikaona aibu. Mkaguzi aje aone uchafu huu? Nikavifungua vyote. Nikaviloweka kwenye mafuta ya taa, nikavisugua kwa mswaki, nikayatoa yale madoa kwa dawa ya kuondolea rangi. Saa tatu nzima. Vinang'aa hata mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo.

Kazi yangu ya kwanza kwenye mashua hii. Na nimeifanya safi!

Jumatano, tarehe 11 Juni

Shemeji amekuja asubuhi. Ni mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Ana sura ya dada yake na ulimi wa wembe. Nikamwekea vikazio mezani, vimepangwa kwenye taulo, nikasimama kando nikingoja sifa.

Akavigeuzageuza. Akauliza alama ziko wapi.

Alama gani?

Za rangi ya kucha, shemeji. Nyekundu upande wa kushoto, na waridi upande wa kulia kwa sababu kijani, ambayo ndiyo rangi ya kulia ya mashua, hakuwa nayo. Dada alitia nukta kwenye kila kimoja, pale kinapotakiwa kusimama kikizungushwa. Siku mbili ameinama hapa kibarazani. Mimi ndiye niliyemshikia kichupa.

Nikakaa. Hakukuwa na kiti. Nikakaa juu ya ndoo.

Shemeji kwa kawaida hunitania mpaka nitafute mlango. Leo hakunitania, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akachemsha maji. Akanitia kikombe mkononi. Akasema basi, shemeji, vilikuwa vyuma tu. Nikasema najua vilikuwa vyuma. Tukanywa.

Alipoondoka nikapata wazo. Nitazirudisha zile alama! Nina kumbukumbu nzuri. Enzi zangu nilikuwa na namba za mita elfu moja na mia nne kichwani. Nikaenda duka la vipodozi. Muuzaji akauliza rangi ni ya nani. Nikasema ya mashua. Akamwita mwenzake aje asikie. Nyekundu imekwisha, waridi imekwisha, imebaki zambarau. Akanipaka kucha moja nione itakavyokaa. Imekaa vizuri, kusema kweli.

Nikarudi nikatia nukta kumi na mbili, mbili kila kikazio. Nilipotia ya mwisho ndipo nikakumbuka kwamba kumbukumbu niliyo nayo ni ya mita. Ya vikazio sina. Sikuwahi kuvitazama.

Mchana nikaenda gatini kuukagua mlingoti. Umelazwa kando ya ofisi juu ya meza mbili za mbao, turubai juu. Nikafunua upande wa ncha. Kila pini, kile kichuma cha kuzuia kitu kisichomoke, mke wangu ameifunga utepe mweupe ili isikwaruze tanga, na mwisho wa kila utepe ameukunja kidogo, ukucha upate pa kushika siku ya kuufungua. Pini kumi na moja. Mikunjo kumi na moja. Kule juu, mahali ambapo hapaonwi na mtu yeyote ila ndege! Nilizihesabu mara mbili, kisha nikafunika.

Daktari wa Meno akapita. Akaniomba nimwonyeshe mkono. Akaitazama ile kucha ya zambarau kwa muda mrefu, akasema kila mtu huomboleza kwa namna yake. Akanipigapiga bega. Bora angenitukana.

Jioni nikapima nyaya. Kwa mkono mtupu, maana kitambaa sikukiona. Waya wa KULIA CHINI ukanichana kiganja. Nikatafuta kitambaa cha kuzuia damu, nikakipata. Nikajaribu tena kwa kitambaa hichohicho. Kikanasa palepale.

Waya mmoja umekufa. Siku zimebaki mbili.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimeingia karakana na waya begani na bendeji mkononi. Nikamwambia Fundi rafiki yangu ameumia. Akautazama mkono wangu. Akasema mpe pole.

Akalaza waya wa zamani mezani, akaupima, akakata mpya. Akaongeza nusu shubiri. Nikamwambia kwa upole kwamba amezidisha. Akasema hajazidisha.

Kichwa cha waya kina vipande vitatu. Kuna kifuniko, ambacho huvishwa kwanza. Kuna koni, ndogo kama punje ya mahindi. Halafu kichwa chenyewe, kinachofungwa juu kama kizibo cha chupa. Akanionyesha kwa kipande cha waya chakavu. Nyuzi kumi na mbili za nje akazifungua zikawa kama ua. Koni akaivisha zile saba za katikati. Akazirudisha za nje juu ya koni, kila mmoja na nafasi yake, hakuna uliompanda mwenzake. Akafunga. Dakika nne! Vidole vyake vinene na vina makovu, na havigusi kitu mara mbili. Kinyozi wa jirani alikuwa ameegemea mlango anatazama. Akaniambia huja kila siku kutazama, redio yake mwenyewe imeharibika.

Zamu yangu. Dakika hamsini. Ua langu lilitoka kama la bustanini. Nikaliinua juu waone.

Fundi akasema maridadi, baba. Na hicho kilichobaki mezani ni nini?

Kifuniko. Kile cha kuvishwa kwanza. Hakivishiki baadaye.

Kata. Anza.

Nikafungua ua la pili. Nikakunja nyuzi zote, hakuna uliompanda mwenzake. Nikanyoosha mkono nichukue kichwa cha waya, nikashika kifuniko. Kinyozi akajishika kichwa chake. Kata!

Nikaweka koleo chini. Nikasema labda rafiki yangu aiache tu iende uwanja wa nyuma, ana umri tayari, atazoea.

Fundi akapunguza redio. Akamwambia kinyozi ana mteja. Hakuwa na mteja, lakini alielewa. Kisha akasema mke wangu alijifunzia kwenye meza hii, juu ya kigoda hiki nilichokalia, alasiri za siku za kazi, mimi nikiwa kwenye mita zangu. Na yeye alisahau kifuniko. Mara tatu. Mara ya tatu alikirusha. Akanionyesha kishimo ukutani, juu ya swichi. Nikakitia kidole.

Kwa hiyo alijua tangu Jumanne. Rangi ya bluu na yote. Nikauliza kwa nini mke wangu hakuniambia alikojifunzia. Fundi akasema labda hukumuuliza. Kweli, sikumuuliza. Nilifikiri alizaliwa anajua.

Halafu nikafanya hesabu. Mara tatu! Mimi mbili tu! Nimemshinda kwa jambo moja maishani! Nikaushika waya kwa furaha kubwa, nikafungua ua, nikavisha koni, nikakunja nyuzi zote kumi na mbili.

Kifuniko kilikuwa mezani.

Tumelingana.

Mara ya nne kikakaa. Fundi akaupima waya. Ulikuwa sawasawa na ule wa zamani, hauzidi, haupungui. Ile nusu shubiri ilikuwa ya makosa matatu. Aliyahesabu kabla sijayafanya. Nimefanya kazi na wahandisi, nimefanya kazi na wakuu wa idara. Sijaona mtu anayejua kazi yake hivyo.

Nikamwonyesha zile nukta za zambarau. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema ukibadilisha waya mmoja, mlingoti mzima unapimwa upya; alama za mke wangu zisingesaidia sana. Sijui kama ni kweli au ni wema. Nimevipokea vyote viwili.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kreni ya gati tumeipata saa tatu asubuhi. Msimamizi wa gati kwenye mkono wa kreni. Shemeji kwenye kamba ya kuuzuia mlingoti usiyumbe. Daktari wa Meno kajileta mwenyewe kusaidia, yeye na mafua yake. Fundi kwenye kiti cha plastiki, kikombe mkononi, kama mpita njia aliyechoka.

Huo ndio uliokuwa mpango. Yeye aonekane mgeni, mimi nionekane kiongozi. Nikigusa kikazio na akakohoa mara moja, nizungushe. Akikohoa mara mbili, niache. Jana alisema huu ni mpango wa kijinga kuliko yote aliyosikia tangu aanze kazi. Halafu akakubali, kwa sababu alitaka kuona.

Mlingoti ukainuka. Miezi tisa ulikuwa umelala. Ukapita juu ya vichwa vyetu, ukasimama, ukashuka kitakoni kwa sauti ndogo, kama mtu mzima anayekaa.

Nikafunga nyaya sita. Mwenyewe! Vitambaa vyake vikinielekeza upi ni upi. Kreni ikaachia.

Nikagusa kikazio cha kulia. Kikohozi kimoja. Nikazungusha. Kikohozi tena. Nikazungusha. Kingine, na kingine, na kingine. Nikazungusha kama mtu anayefunga bomba lililopasuka, jasho linanitoka, nikijisemea kazi hii inataka nguvu kumbe, mpaka Shemeji akapiga kelele kwamba mlingoti unachungulia jengo la posta.

Nikageuka. Fundi alikuwa ananitazama, kikombe kimesimama hewani. Hakuwa amekohoa hata mara moja. Daktari wa Meno alikuwa anatafuta leso.

Fundi akainuka. Akasema mbele ya watu wote kwamba mpango umekufa, baba, tuuzike. Akapanda mashuani. Akanifungulisha nilichokaza, zungusho kwa zungusho. Kisha akaniambia nilale chali kwenye sitaha, shavu kwenye mguu wa mlingoti, nifumbe jicho moja, nitazame juu mpaka nchani. Ukiwa umenyooka utauona. Ukiwa umepinda utakuonyesha mahali.

Nikalala. Nikafumba jicho.

Mke wangu alikuwa akilala hivi. Palepale. Kila mwanzo wa msimu, chali, jicho moja limefumbwa. Miaka kumi na moja nilidhani anajipumzisha. Nilikuwa nikitembea kwa ncha za vidole nisimwamshe. Nilikuwa nikimfunika uso kwa kofia yangu, jua lisimchome. Na yeye alikuwa akingoja niende zangu, anaitoa, anaanza kupima upya. Hakuwahi kuikataa ile kofia. Hata siku moja.

Nikabaki pale chini. Daktari wa Meno akauliza kama nimelala usingizi. Kwa mara ya kwanza akangoja jibu.

Nikamwambia napima.

Robo zungusho huku, nusu kule. Mwanzoni Fundi alikuwa akisema na mimi nikizungusha. Baadaye mimi nikawa nasema na yeye ananyamaza. Kunyamaza kwake kunapendeza kuliko hotuba ya kustaafu niliyosomewa. Saa nane mlingoti ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Shemeji akanifutia zile nukta za kubahatisha na akanipa kichupa. Akasema haya, sasa tia, shemeji, na safari hii angalia unachotia.

Nimetia kumi na mbili. Kila moja nimeiangalia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mkaguzi kafika saa nne na dakika mbili. Mrefu, hana maneno. Akachomoa kitambaa cha pamba mfukoni. Nilipokiona nikampenda.

Akaanza na waya wa mbele. Kikateleza. Wa nyuma. Kikateleza. Wa kushoto juu, wa kushoto chini, wa kulia juu. Alipofika kwenye ule mpya akasimama. Akainama kwenye kichwa cha waya. Akatoa kioo cha kukuzia. Akauliza hiki amefunga nani.

Nikafungua mdomo. Miaka kumi na moja nimesema mimi, mimi, bila kikwazo, na siku ambayo ni kweli sauti ikagoma! Shemeji ndiye aliyesema. Kafunga huyuhuyu shemeji yangu, akasema, na kama huamini muulize mkono wake. Mkaguzi akatazama bendeji. Akaandika kitu. Akazunguka nyuma, akapiga goti.

Akasema haipiti.

Pini moja, kikazio cha nyuma. Miguu yake haijakunjwa. Inaweza kuchomoka; ikichomoka, kikazio kinajifungua; kikijifungua, mlingoti unamwangukia mtu. Akasema ana mashua tatu nyingine za kutazama, kisha anapita hapa mara ya mwisho. Msimamizi akatazama uwanja wa nyuma. Daktari wa Meno akapiga hatua mbili kwenye ubao wa kukanyagia wa nafasi yetu, akautazama urefu wake, kama mtu anayewaza samani.

Nikatafuta koleo. Fundi alikuwa nalo mfukoni. Nikanyoosha mkono anisaidie. Akaliweka kwenye sitaha, akanipa mgongo, akaenda kutazama maji.

Nikapiga magoti. Pini yenyewe nyembamba kama njiti ya kiberiti, mkono wangu una bendeji, na nyuma yangu watu saba na mafua yao. Ikaniponyoka. Ikabingirika mpaka ukingoni, ikasimama. Nikaifuata kwa tumbo, nikaikamata kwa ule ukucha wa zambarau. Nikairudisha tunduni. Nikakunja mguu mmoja. Nikakunja wa pili. Nikapitisha kidole. Haichomi.

Halafu sikuinuka. Nikaenda kwenye kikazio kinachofuata, na kinachofuata, nikazishika pini zote moja moja bila kuambiwa na mtu. Kwenye waya wa mbele nikakuta mguu mmoja wa pini umekunjwa nusu. Nikaumalizia.

Mkaguzi akarudi. Akapiga goti. Akainuka. Akasaini.

Shemeji alipiga kigelegele hadi mashua za jirani watu wakatoa vichwa. Fundi akapita karibu yangu kuchukua koleo lake. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ile ya waya wa mbele hata yeye hakuwa ameiona.

Nikasema nakwenda kunawa mikono. Nilinawa muda mrefu.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Leo mimi na Shemeji tumetoka na mashua. Upepo mdogo, wa kistaarabu. Tanga likajaa, nyaya zikaimba kidogo, mlingoti haukulalamika. Nilimwachia Shemeji usukani nikatazama juu njia nzima, mpaka akaniuliza nikitumbukia ziwani ningependelea amwarifu nani kwanza.

Wiki hii nimejifunza mengi. Kwamba kuuliza hakumpunguzii mtu kitu. Kwamba ukweli una kazi ndogo kuliko uongo. Kwamba kuna watu wanaojua, na heshima ni kukaa karibu nao na kufunga mdomo. Nimeamua kuishi hivyo kuanzia leo.

Tulipofunga kamba, Daktari wa Meno alikuwa anangoja kwenye ubao. Ameacha habari za kumi na saba. Akasema mlingoti wetu sasa umenyooka kuliko wake, na jambo hilo linamkera. Akauliza, kiume, bila kejeli, kama kweli nyaya zile nimezifunga mimi, na yule Fundi alikuwa hapa kwa shughuli gani.

Nikamwambia alikuja kunywa chai.

Akasema kama ni hivyo nimfanyie na wake. Mashua yake ni mita kumi na moja. Ina nyaya kumi na nne. Ina mlingoti wa pili nyuma. Nikamweleza kwamba milingoti miwili ni rahisi kuliko mmoja, kwa sababu inasaidiana. Akasema hana haraka, hata mwezi ujao. Nikasikia mtu anasema Jumatano. Nilikuwa mimi.

Kreni ya kuishusha na kuiinua milingoti yake siwezi kuiomba, maana Msimamizi atamwambia Fundi. Nimekaa na karatasi tangu saa tisa na mpango umekamilika. Nguzo ya taa, kamba ndefu, na gari la Daktari likirudi nyuma polepole juu ya gati huku mlingoti ukiinuka. Nimepima kwa miguu. Ili mlingoti usimame, gari linahitaji kurudi nyuma hatua thelathini na nane. Gati lina hatua arobaini.

Ziada ya hatua mbili nzima!